Usiniambie Nambari, Niambie Anajua Nini

Nimefundisha madarasa ya chini katika shule za msingi za umma upande wa Eastlands, hapa Nairobi, tangu siku za mfumo wa elimu wa zamani, 8-4-4, hadi sasa tulipo katika mtaala wa umilisi. Watoto wangu wana umri wa kati ya miaka 6 na 9. Kila mwisho wa muhula hunikuta na rundo la ripoti fomu ambazo hazijajazwa, na katika nafasi ya mistari miwili mitatu natakiwa kumweleza mzazi mtoto wake amefika wapi. Naichukulia kazi hiyo kwa uzito mkubwa. Nimeona karatasi hiyo ikimwinua mtoto, na nimeona ikimfanya mtoto wa miaka 7 aamini kwamba yeye ni mjinga. Imani hiyo ikishamwingia, huchukua miaka kuing'oa.

Nilipoanza kazi, kila kitu kilikuwa nambari. KCPE, mtihani wa kitaifa wa kumaliza shule ya msingi, ilikuwa imezitawala shule tangu 1985, na ingawa mtihani wenyewe ulifanywa darasa la nane, woga wake ulianzia darasa la kwanza. Masomo matano, alama 500, na kila shule kujulikana kwa wastani wake. Kwa hivyo hata sisi wa madarasa ya chini tulijumlisha, tukapanga, tukaandika: nambari 3 kati ya 74, nambari 61 kati ya 74. Siku ya kufunga shule watoto walipangwa mistari uwanjani, majina yakasomwa kuanzia juu, watatu wa kwanza wakapewa madaftari na kupigiwa makofi ya kilo. Waliobaki walienda nyumbani na nambari zao mkononi, na njiani mwenye duka aliwauliza, kondakta aliwauliza, jirani akianika nguo aliwauliza: umekuwa nambari ngapi? Viboko vilipigwa marufuku shuleni mwaka 2001, lakini katika nyumba nyingi ripoti fomu ilifika mkanda ukiwa tayari umetolewa kiunoni.

Mwaka 2014 serikali iliacha kutangaza orodha ya shule na watahiniwa bora wa KCPE, na mtihani wenyewe ukafanywa mara ya mwisho mwaka 2023. Swali la nambari ngapi halikuondoka nao. Hadi leo naulizwa langoni.

Tazama nambari 61 inasema nini. Inasema kuna watoto 60 waliomtangulia huyu. Haisemi kama anasoma. Haisemi kama anajua saa, kama anaweza kuandika jina lake na la mtaa wao, kama anaelewa akisimuliwa hadithi. Muhula ujao watoto 20 kati ya hao wakihamia shule nyingine, atakuwa nambari 41 na atapewa pongezi ilhali hajasonga hata hatua moja. Na mzazi akishaiona, hana la kufanya isipokuwa kumwambia mtoto aongeze bidii. Bidii ya kufanya nini?

Aliyenifungua macho kuhusu jambo hili ni nyanya mmoja wa Kayole aliyekuwa akimlea mjukuu wake. Alikuwa akiuza githeri jioni karibu na stendi, kwa hivyo alikuja mapema, kabla ya wazazi wengine, akaketi kwenye kidawati cha mtoto. Nikamsomea alama zote: Kiswahili, Kiingereza, hisabati, jumla, nafasi. Alinisikiliza hadi mwisho kisha akasema, "Mwalimu, mimi sikusoma. Hizo nambari ni zenu. Niambie tu, huyu mtoto anajua kusoma ama hajui?"

Nikamwambia anajua silabi zote nyepesi, ba be bi bo bu, anaunganisha maneno mafupi kama baba, kiti, meza, lakini akifika kwenye silabi nzito kama mbwa, nywa au ng'o anakwama, na akikwama anakisia.

"Sasa nimfanyie nini nyumbani, na mimi sijui kusoma?"

Nikamwambia amwombe mtoto amsomee kila jioni ukurasa mmoja, akimsikia amenyamaza au amerukia neno, amwambie arudie polepole. Si lazima yeye ajue neno lenyewe, kwani atasikia sauti ikikatika. Nyanya akaitikia, akanishika mkono, akaondoka. Tulizungumza kama dakika 10, na katika yale yote aliyokwenda nayo nyumbani hakuna hata moja lililokuwa limeandikwa kwenye ripoti aliyobeba. Tangu siku hiyo, maswali yake mawili, anajua nini na nimfanyie nini, ndiyo ninayojiuliza kabla ya kuandika chochote kuhusu mtoto.

Kuyajibu si rahisi, kwa sababu alama pekee haziyajibu. Nitatoa mfano mmoja kwa kirefu, kwa sababu ndani yake mna karibu kila kitu ninachoamini kuhusu kupima watoto wadogo.

Katika zoezi moja la Gredi ya 3 kulikuwa na hesabu hii: 52 toa 27. Jibu ni 25. Watoto watatu wa dawati moja waliikosa. Wa kwanza aliandika 35, wa pili 79, wa tatu 26. Kwa kalamu nyekundu wote watatu wana kosa, wote watatu wana sifuri, na ripoti zao zingesomeka sawa: hisabati hafifu, atie bidii. Niliwaita mmoja mmoja mezani, nikawapa karatasi safi, nikawaambia, "Nionyeshe ulivyofanya."

Wa kwanza alianza upande wa kulia kama tulivyofundishana. "Mbili toa saba haiwezekani, kwa hivyo saba toa mbili, tano. Tano toa mbili, tatu. Thelathini na tano." Hana shida ya kutoa, huyu. Anatoa vizuri sana. Asichokijua ni kwamba anaweza kuazima kumi kutoka upande wa makumi, na kwa kuwa hajui, ametafuta njia yake mwenyewe ya kupita. Wa pili aliitazama hesabu upya, akashika kichwa: "Ai, mwalimu! Nilidhani ni jumlisha." Hesabu nne zilizotangulia zilikuwa za kujumlisha, naye akaendelea tu kama gari lililoachia breki. Kujumlisha kwake kulikuwa sahihi kabisa, 52 na 27 ni 79. Wa tatu alihesabu kurudi nyuma kwa vidole, na akaanza kwa kuihesabu 52 yenyewe kama moja, 51 kama mbili, hadi alipotimiza 27 akajikuta kwenye 26. Amekosea hatua moja tu, mwanzoni.

Dawa zao hazifanani. Wa kwanza nilimpa vijiti vilivyofungwa kumi kumi kwa mpira. Mafungu 5 na vijiti 2. Nikamwambia atoe 7. Akavitazama vile viwili, akatazama mafungu, akaniuliza kama anaruhusiwa kufungua moja. Mwambie mtoto afungue mwenyewe fungu lile, avimwage vijiti kumi mezani, na kuazima hakutamsumbua tena. Wa pili hakuhitaji vijiti, alihitaji kuzoea kuizungushia alama ya hesabu duara kabla ya kuanza. Wa tatu nilimchorea mstari wa nambari kwa chaki sakafuni, akasimama juu ya 52 na kuruka kurudi nyuma. Mguu unapotoka kwenye 52 ndipo hesabu inapoanza. Aliona mwenyewe.

Hiyo ndiyo tathmini. Kutia kosa kulinichukua sekunde moja. Kujua kosa limetoka wapi kulinichukua dakika tatu kwa kila mtoto, na dakika hizo ndizo zilizowasaidia. Mtoto wa umri huu hawezi kukuandikia kwenye karatasi jinsi alivyofikiri. Lazima umuulize, unyamaze, umsikilize.

Na kusoma nako lazima umsikilize mmoja mmoja, hakuna njia ya mkato. Mpango wa kufundisha kusoma wa Tusome ulipoingia shule za umma kote nchini mwaka 2015, maafisa waliokuja kututembelea madarasani walichagua watoto watatu, wakamketisha kila mmoja na kumsikiliza akisoma kwa dakika moja, wakiandika kwenye tableti. Kabla ya hapo, watu wa shirika la Uwezo walikuwa wakitembea nyumba kwa nyumba na karatasi zao zenye herufi, maneno, aya na hadithi, wakiangalia mtoto anafika ngazi ipi. Nimeufuata mpangilio huo hadi leo: silabi, maneno, sentensi, hadithi fupi. Mtoto akishindwa ngazi moja najua pa kuanzia kesho.

Ila nao una mitego. Muhula mmoja tulikuwa tukiwapima kusoma kwa foleni, mtoto ndani, wenzake wakisubiri mlangoni. Hadithi ilikuwa moja. Kadiri foleni ilivyosonga ndivyo watoto walivyozidi kusoma vizuri, hadi nikamwona mmoja anasoma bila kosa huku macho yake yako dirishani. Alikuwa ameisikia hadithi mara kumi akiwa mlangoni. Kumbukumbu nzuri ajabu, na kusoma bado. Sasa nina hadithi tofauti tofauti, wengine wakiandika mimi nakaa na mmoja pembeni nyuma ya darasa, na sipimi zaidi ya watoto watano kwa siku. Darasa la watoto 70 na zaidi huchukua wiki tatu hivi. Watu hudhani haiwezekani. Inawezekana, ukianza mapema na usingoje wiki ya mwisho ya muhula.

Mtego mwingine ni wa Kiswahili chenyewe. Kwa kuwa huandikwa kinavyotamkwa, mtoto aliyezishika silabi anaweza kusoma ukurasa mzima kwa sauti ya mtangazaji wa habari na asiambulie kitu. Kwa hivyo hadithi ikiisha huwa namwuliza. Kuna moja ninayoipenda: Musa ametumwa dukani kununua chumvi, anacheza na wenzake njiani, mvua inanyesha, chumvi inayeyuka. Namwuliza mtoto, kwa nini Musa aliogopa kurudi nyumbani? Jibu halimo ndani ya hadithi, ni la kufikiria. Mtoto mmoja alinijibu haraka: "Juu chumvi iliisha kwa maji, mathake angemchapa." Hilo ni jibu kamili. Ameelewa chanzo, ameelewa matokeo, amejiweka mahali pa Musa. Kwamba amejibu kwa lugha ya mtaani kwao ni jambo jingine, nami naliandika mahali pake, chini ya kuzungumza. Mwalimu anayemkata alama za ufahamu kwa sababu hiyo atamwandika kwamba haelewi mtoto anayeelewa kuliko wenzake.

Hata saa huchangia. Mtoto wa miaka 7 ambaye hajala tangu jana hawezi kukuonyesha anachojua saa sita mchana. Tangu mpango wa kaunti wa Dishi na County ulipoanza mwaka 2023, ambapo mzazi hulipa shilingi 5 kwa mlo, naona watoto wakiamka baada ya chakula, na sasa hata mchana nathubutu kuwapima kusoma.

Nije kwenye mitihani ya kununua, kwa sababu hii inaniuma. Shule nyingi za Nairobi, za umma na za kibinafsi, hununua karatasi zilizochapishwa tayari: ya kufungua muhula, ya katikati, ya kufunga. Mara tatu kwa muhula, mihula mitatu kwa mwaka, kwa mtoto ambaye bado anajifunza kushika penseli. Karatasi hutoka kwa mtu ambaye hajui wiki hii tumefundisha nini. Picha zimekopiwa hadi zimekuwa doa jeusi, na nimewahi kuona darasa likigawanyika kati ya paka, sungura na kondoo kwa picha moja, kila mmoja na sababu zake. Halafu kuna mwongozo wa majibu.

Swali moja lilisema: taja mahali pawili tunapopata maji. Mtoto mmoja akaandika mtungi na boza, yaani lori la maji. Mwongozo ulitaka mto na kisima. Mtoto huyu anaishi kwenye ploti ambako mfereji hutoka maji siku kadhaa kwa wiki, siku nyingine mama yake hununua kwa mtungi wa lita 20, na maji yakikosekana kabisa boza huja. Hajawahi kuona kisima. Alijibu ukweli wa maisha yake kwa herufi zilizosomeka vizuri. Nilimpa alama zote mbili, na baadaye tukalizungumza darasani, maji ya boza hutoka wapi, tukafuata hadi tukafika kwenye mabwawa na mito ya milimani. Swali la mwongozo tulilijibu pia, lakini kwa kuanzia pale mtoto alipo.

Katika mtaala huu wa sasa, ambao ulianza kutumika chekechea hadi Gredi ya 3 mwaka 2019, nafasi ya darasani ilitakiwa kuondoka. Mtoto huwekwa katika viwango vinne: Kuzidisha Matarajio, Kufikia Matarajio, Kukaribia Matarajio na Mbali na Matarajio. Kwenye ripoti nyingi huandikwa kwa vifupisho vya Kiingereza, EE, ME, AE na BE. Nia yake naiunga mkono kwa moyo wote. Ila wazazi hawakuelezwa vya kutosha, na matokeo yake niliyaona kwa macho yangu. Baba mmoja alikuja kwangu amekasirika, amemshika bintiye mkono, mtoto macho mekundu kwa kulia. Ripoti ilikuwa imejaa EE. Baba huyu alisoma 8-4-4, na kwenye KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, alama ya E ndiyo ya mwisho kabisa. Akaona mtoto wake amepata E mbili mbili kila somo. Binti alikuwa miongoni mwa watoto wangu bora na alikuwa amegombezwa usiku kucha.

Nilimketisha, nikamweleza. Alinyamaza, kisha akamgeukia mtoto, akamwambia, "Pole, mama. Baba hakujua." Mtoto hakusema kitu. Nilimtetea baba huyo moyoni, kwa sababu nani alimwambia? Tangu hapo siandiki kifupisho peke yake. Naandika kwa maneno, kwa Kiswahili, na siku ya kufunga natumia dakika chache za mwanzo kueleza viwango kabla mzazi yeyote hajaifungua ripoti.

Kuna shule ambazo zimechukua viwango hivi na kuvivisha nguo za zamani. Mtoto hufanya mtihani wa kununua, anapata asilimia, asilimia hiyo inabadilishwa kuwa kiwango, halafu pembeni, kwa penseli, jumla na nafasi. Kiwango kilichopatikana kwa njia hiyo hakimwambii mzazi lolote jipya. "Kukaribia Matarajio" ni ufunguo wa mazungumzo: matarajio yapi, na amebakisha nini? Wale watatu wa 52 toa 27 wote wangeweza kuandikiwa kwamba wanakaribia, na kila mmoja anakaribia kutoka upande wake.

Kikundi cha WhatsApp nacho kimekuwa ubao wa matangazo. Katika shule moja niliyofundisha, jedwali lote la darasa lilirushwa kwenye kikundi cha wazazi, majina kamili na kiwango cha kila mtoto katika kila somo. Kufikia jioni kulikuwa na vikombe na makofi kwa wachache. Asubuhi yake mtoto mmoja alikataa kuingia darasani, maana mwenzake wa ploti moja alikuwa amesomewa jedwali na mama yake, naye akaeneza. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inataka idhini ya mzazi kabla ya kushughulikia taarifa za mtoto. Lakini hata bila sheria, matokeo ya mtoto ni ya mtoto, mzazi wake na mwalimu wake. Darasa langu limekubaliana hivyo, na kikundi chetu ni cha kuulizia vitu vya kubeba na siku za mikutano. Matokeo namkabidhi mzazi ana kwa ana, na asiyeweza kuja kwa sababu ya zamu za viwandani Industrial Area nampigia simu usiku.

Wazazi huniuliza kwa nini nijisumbue hivi Gredi ya 1, 2 na 3, wakati mambo makubwa yako mbele. Nawaeleza jinsi mambo hayo makubwa yalivyopangwa. Mtihani wa Gredi ya 6, KPSEA, uliofanywa mara ya kwanza mwaka 2022, hubeba asilimia 40 ya matokeo ya mtoto. Asilimia 60 hutokana na tathmini za shuleni za Gredi ya 4, 5 na 6, kila mwaka asilimia 20, walimu wakizisimamia, wakisahihisha na kutuma alama kwa KNEC, baraza la mitihani la taifa. Maana yake ni kwamba mtoto akivuka kutoka kwangu kwenda Gredi ya 4, alama zinaanza kuhesabiwa. Asiyejua kusoma wakati huo hataweza hata kuelewa anaulizwa nini katika sayansi. Nikimwandikia "anaendelea vizuri" ili kumfurahisha mama yake, nimemtupa mbele ya safari.

Kwa hivyo ripoti zangu zina mistari mitatu. Wa kwanza ni anachoweza, na lazima kiwe kitu cha kuonekana: anasoma hadithi fupi bila kusaidiwa na kujibu maswali yake. Wa pili ni alipokwama: hesabu za kutoa zenye kuazima. Wa tatu ni cha kufanya nyumbani, na hapo sitaji kitu ambacho hakipo nyumbani. Naandika, mpe vizibo vya soda, afunge kumi kumi kwenye mfuko, afungue mfuko anapohitaji. Naandika, akusomee maandishi ya pakiti ya unga unapopika. Mzazi anayetoka kazini saa mbili usiku hawezi kutafuta kadi za rangi wala kwenda saiba kuchapisha picha, na wengi wamenishukuru kwa kutowatuma huko. Zile sentensi za zamani, "jitahidi", "ana uwezo wa kufanya vyema zaidi", siziandiki tena hata nikiwa nimechoka, kwa sababu zinaweza kuandikwa kwa mtoto yeyote na hivyo haziandikwi kwa mtoto yeyote.

Mistari hiyo mitatu haiwezi kupatikana siku ya mwisho. Nina daftari kubwa la jalada gumu, ukurasa mmoja kwa kila mtoto. Kila ninapomsikiliza naandika tarehe na mstari mmoja. Anasema saba ila anaandika 7 kinyume. Leo amesoma "nyanya" bila kukisia. Amemweleza mwenzake hesabu kwa Kikamba, na mwenzake ameelewa. Ni maneno machache, yameandikwa nikiwa nimesimama, na mwisho wa muhula ripoti zinajiandika.

Hapa Nairobi kuna jambo jingine linalonifanya nisiache. Familia zinahama. Kodi inapanda, kazi inaisha, nyumba zinabomolewa, na katikati ya muhula mtoto anatoka Dandora kwenda Mwiki, au anarudishwa mashambani kwa nyanya yake. Nimewapokea watoto wa aina hiyo wakiwa na ripoti ya shule walikotoka iliyoandikwa AE kila mstari na sahihi ya mwalimu mkuu. Inanichukua wiki kadhaa kugundua kile ambacho mwalimu wake wa zamani alikijua vizuri. Huyo mwalimu simjui, sina simu yake, na mtoto wa miaka 8 hawezi kunieleza alikuwa amefikia wapi.

Kwa hivyo mzazi akija kuniambia wanahama, namwomba asiondoke bado. Nafungua ukurasa wa mtoto kwenye daftari, nakopi yaliyomo kwenye karatasi ya mistari, nataja hadithi aliyoisoma mwisho na hesabu aliyokwama nayo, naandika nambari yangu ya simu chini. Namkabidhi mzazi na kumwambia asiiweke pamoja na risiti, aipeleke moja kwa moja mkononi mwa mwalimu wa darasa jipya, siku ya kwanza. Walimu wawili wa shule nilizokuwa sijazisikia wamewahi kunipigia simu kutokana na karatasi hizo. Mmoja wao alitaka kujua vile vijiti nilivifunga vipi.